Kidonda cha kisukari: cha kupaka au cha kuondoa?

Tanga tunajisifu kwa msemo wa "waja leo, waondoka leo". Kidonda cha mguu wa kisukari hakijausikia. Cha mamkubwa wangu kilianza kama tundu la ncha ya penseli, chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Kilipotimiza miezi miwili kilikuwa kimeizidi sarafu ya shilingi 200, kingo zimevimba na kuwa ngumu, katikati kumebaki wazi.

Chanzo tulikigundua wenyewe nyumbani. Nililichukua kubazi lake jipya, nikapitisha kidole ndani, nikachomwa. Msumari wa fundi, ule mfupi wa kushikilia soli, ulikuwa umechomoza kama milimita 3. Alilivaa kubazi hilo shughulini Makorora tangu asubuhi hadi magharibi, akapiga vigelegele, akapakua pilau, asisikie kitu.

"Hauumi, mwanangu," aliniambia huku akinionyesha damu kwenye kitambaa. "Ungekuwa mbaya ungeuma."

Kikao cha ukoo kikakaa kwenye kundi la WhatsApp. Binamu wa Dar alituma picha ya jeli ya bei mbaya kutoka ng'ambo. Jirani alileta chupa ya asali ya Tabora. Mjomba alikuja na vidonge vya rangi mbili vya antibiotiki, dawa ya kuua bakteria, ameshaanza kuvifungua ili amwagie unga. Kuna aliyeuliza habari za mashine ya kunyonya kidonda. Hela iliyochangwa ilitosha kitu kimoja, tukijikaza viwili. Haya ninayoyaandika ni mjadala ule ule, ila nimeupanga upya baada ya kusoma, kuuliza, na kukosea mara mbili. Mimi si daktari. Mimi ndiye niliyekuwa nikibeba beseni.

Kosa letu la msingi ni kwamba tulishindanisha vitu vya kupaka peke yake: jeli na asali, asali na unga. Vinavyofunga kidonda cha aina hii, kwa sehemu kubwa, ni vile vinavyoondoa kitu: uzito juu ya unyayo, sugu na nyama mfu, usaha, kizuizi ndani ya mshipa wa damu. Cha kupaka kina nafasi yake, lakini kipange foleni.

Zamu isiyobadilishwa

Chukua mfano wa nyumba kongwe ya Ngamiani inayokarabatiwa. Kwanza huja wabomoaji, kisha waashi, mwisho wapiga chokaa. Kidonda cha mtu mwenye afya hufuata zamu hizo hizo. Seli za ulinzi, zikiwamo makrofeji, huua vijidudu na kuzoa kifusi, halafu hubadili kazi na kuwaita waashi. Kwa mwenye kisukari zamu inakwama. Wabomoaji hukaa wiki na wiki wakimwaga vimeng'enya vinavyokula hata tofali lililowekwa asubuhi. Seli za ngozi za ukingoni huzaliana, ila hazitambai kwenda kufunika katikati. Ndiyo maana ukingo hunenepa na shimo likabaki shimo.

Juu yake bakteria hutandaza utando wa ute na kujificha humo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliovitazama vidonda kwa hadubini, uliukuta utando huo kwenye asilimia 60 ya vidonda sugu na asilimia 6 tu ya vidonda vipya. Dawa ya kumeza hupata tabu kuupenya.

Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba shida ni seli za ulinzi kupambana kupita kiasi. Miaka ya karibuni maelezo hayo yametikiswa. Mwaka 2022 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha uchambuzi wa seli mojamoja za vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari. Waliokuja kupona walikuwa na kundi la pekee la seli za kujenga nyama, na makrofeji wao wengi walikuwa katika hali ya mapambano kuliko wa wale ambao hawakupona. Kumbe mwili usiopona unapigana vibaya: kwa unyonge, na bila kumaliza. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini daktari anakata ukingo wa kidonda mpaka damu nyekundu itoke, jambo ambalo ndugu wakiliona hupiga kelele. Anakigeuza kidonda cha zamani kiwe kipya, mwili uanze vita upya na kwa nguvu.

Vidonda viwili vinavyofanana kwa mbali

Kabla ya kulinganisha tiba, linganisha vidonda. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Kidonda cha ganzi hukaa unyayoni, hasa chini ya kidole gumba au kwenye fundo la mifupa ya mbele, mahali mwili unapokandamiza. Huzungukwa na sugu. Mguu una joto, mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo yanapatikana, na maumivu hakuna. Kidonda cha damu kutofika hupenda ncha za vidole, pembeni ya mguu na kisigino. Mguu ni wa baridi, ngozi imekaza na kung'aa, mapigo unayatafuta huyaoni. Kinaweza kuuma sana usiku. Wagonjwa wengi wana vyote viwili kwa pamoja, na ganzi ikiwapo hata kile cha damu hakisemi.

Ganzi unaweza kuipima nyumbani bila kifaa. Kipimo hiki kilitoka Ipswich, Uingereza, nami nilikifanya barazani. Mgonjwa afumbe macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, polepole, bila kukandamiza wala kupapasa, sekunde moja au mbili: ncha ya kidole gumba cha mguu, ya kidole cha kati na ya kidole cha mwisho, miguu yote miwili. Jumla ni miguso 6. Akikosa kuisikia miwili au zaidi, mguu uko hatarini. Mamkubwa alisikia mmoja. Aliponiuliza "mbona huanzi?" nilikuwa nimeshamaliza mguu mzima wa kulia.

Mapigo ya damu mwachie mwenye mkono uliofundishwa, na akiwa na mashine ndogo ya kusikiliza mshipa ni bora zaidi. Kile kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono kinaweza kudanganya, maana kwa wenye kisukari mishipa ya kifundo hukakamaa na kutoa namba nzuri ya uongo. Presha ya kidole cha mguu husema kweli zaidi. Damu ikiwa haifiki, tiba ya kwanza ni kuufungua mshipa au kuutengenezea njia ya pembeni, na hiyo ni kazi ya hospitali kubwa. Hakuna jeli inayopandisha damu.

Hogo, kiatu cha kuvua, na fimbo

Hapa ndipo nataka usome taratibu.

Kwa kidonda cha ganzi cha unyayoni, kinachoongoza kwa ushahidi ni hogo: plasta ngumu inayofungwa tangu mguuni hadi chini ya goti, imeukumbatia mguu kila upande, na mgonjwa anatembea nayo. Uzito husambaa kwenye muundi na unyayo mzima badala ya kuangukia nukta moja. Asili yake ni kwenye ukoma. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko India na baadaye Carville, Marekani, aliona kwamba vidole vya wenye ukoma havikuwa vikioza vyenyewe. Vilikuwa vikijeruhiwa kila siku bila mwenyewe kusikia. Akavifunga vidonda vya miguu kwenye plasta, vikapona. Kisukari na ukoma ni magonjwa mawili mbalimbali, lakini ganzi ni moja.

Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililoweka njia tatu bega kwa bega kwa wiki 12. Waliofungwa hogo walipona asilimia 89.5. Waliopewa kiatu kirefu cha tiba cha kuvua na kuvaa, asilimia 65. Waliopewa nusu-kiatu, kile kinachoacha sehemu ya mbele ikining'inia, asilimia 58.3. Wagonjwa walikuwa 63 tu, lakini tofauti haikuwa ya kubahatisha.

Kwa nini kiatu cha kuvua kishindwe, wakati kinapunguza mkandamizo karibu sawa na hogo? Kwa sababu kinavuliwa. Miaka miwili baadaye watafiti waliwafungia wagonjwa vifaa vya kuhesabu hatua, kimoja kiunoni na kingine kimefichwa ndani ya kiatu. Asilimia 28 tu ya hatua zao za kila siku ndizo zilizopigwa kiatu kikiwa mguuni. Sebuleni kimevuliwa, chooni kimevuliwa, jikoni kimevuliwa. Ongeza kutawadha na swala tano, na mgeni akibisha hodi, uone kwetu hesabu ingekuwaje.

Suluhisho la kati ni la kijanja: chukua kile kile kiatu cha kuvua, kizungushie bendeji ngumu kisivulike. Jaribio la 2005 lilipata karibu asilimia 83 ya waliopona kwa njia hiyo, dhidi ya 52 kwa waliobaki na uhuru wa kuvua. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari, toleo la 2023, nayo inaweka mbele kifaa kisichovulika kinachofika chini ya goti, kiwe hogo au kiatu kilichofungwa.

Sasa ubaya wa hogo, maana upo. Likifungwa na asiyejua, linatengeneza kidonda cha pili chini ya plasta, na mwenye ganzi hatakuambia. Lazima lifunguliwe baada ya siku chache za mwanzo, kisha kila wiki. Mwenye damu isiyofika na maambukizi kwa pamoja halimfai. Urefu wa miguu hutofautiana, mzee anaweza kuanguka, kwa hiyo mguu mwingine uongezewe soli. Na ni la joto. Februari ya Tanga unaijua.

Usipompata anayejua kufunga hogo, kiatu cha tiba ni chaguo la pili. La tatu ni pedi ya feliti, kitambaa kinene kilichoshindiliwa, na sponji inayobandikwa kuzunguka kidonda, ndani ya kiatu kilichofunika na chenye nafasi. Magongo yanasaidia kwa mwenye nguvu za mikono. Kandambili na fimbo peke yake sivihesabu kama tiba. Katambuga pia hapana, ingawa mjomba aliitetea kwa hoja kwamba tairi haitoboki.

Kosa letu la kwanza lilikuwa hapa hapa. Tulikuwa tukimpeleka kusafishwa kidonda kila siku, kwa miguu, kwa sababu kituo kiko "hapo tu". Kwenda na kurudi ni zaidi ya hatua elfu mbili juu ya kidonda kile kile tulichokwenda kukitunza. Chachi ilikuwa mpya kila asubuhi na nyama imepondwa kila asubuhi. Nauli ya bajaji ilikuwa tiba, nasi tuliihesabu kama anasa.

Chachi, asali, na unga wa rangi mbili

Chachi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali ni rahisi na inapatikana kila duka la dawa. Haiponyi; inafunika, inanyonya, inaweka unyevu wa kiasi. Ubaya wake ni kubadilishwa mara kwa mara, na ikikauka hung'oka na nyama mpya. Plasta za sponji hukaa siku kadhaa na hunyonya zaidi, ila bei ni nyingine. Kwa kidonda kisicho na maji mengi sioni sababu ya kujifilisi.

Asali nilikuwa nikiipenda kabla sijasoma, na bado nina huruma nayo. Inaua bakteria kweli: sukari yake nzito hunyonya maji, ni chachu, na ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutoa peroksaidi kidogo kidogo. Kwa majeraha mepesi ya moto ina ushahidi wa kuponesha haraka. Kwa mguu wa kisukari majaribio yamekuwa dhaifu, na miongozo ya 2023 inashauri isitumiwe kwa lengo la kuharakisha kupona. Ile ya hospitali huuliwa vijidudu kwa mionzi. Ya chupa ya sokoni inaweza kuwa na mbegu za bakteria. Asali ya jirani tuliinywea chai. Sisi, si mgonjwa.

Plasta na krimu zenye fedha, ile madini, nazo miongozo imeziweka kundi moja na asali.

Unga wa rangi mbili niuseme kwa ukali. Dawa ile ilitengenezwa imezwe. Ukiimwaga kidondani inafanya gamba, inaficha usaha, na inawafundisha bakteria kuizoea. Hata ya kumeza haina kazi kwa kidonda kisafi kisicho na dalili za maambukizi. Maambukizi yakiwapo, hapo antibiotiki ni lazima, tena kwa siku alizoandika daktari: kwa nyama kwa kawaida wiki moja hadi mbili, na kwa mfupa ulioingiliwa bila kukatwa, kama wiki 6. Daktari akiingiza kijiti cha chuma kisafi kidondani kikagonga kitu kigumu, anashuku mfupa. Picha ya eksirei inaweza kuonekana safi wiki mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo picha nzuri ya leo isikulaze usingizi.

Peroksaidi ya chupa ile inayotoa povu inaua vijidudu na chipukizi za nyama kwa pamoja. Povu linaridhisha macho tu.

Na maji ya moto ya chumvi. Hili ndilo kosa letu la pili, na nililifanya mimi. Nilipima maji kwa mkono wangu uliozoea kuosha masufuria, nikamtumbukiza mguu dakika 15 kama bibi zetu walivyofundisha. Kesho yake kulikuwa na lengelenge kubwa pembeni ya mguu. Hakusikia joto. Kuloweka mguu wenye kidonda hakushauriwi hata kwa maji ya vuguvugu, maana ngozi hulainika ikafungua milango. Osha haraka kwa maji safi, kausha kwa kugusa, katikati ya vidole hasa. Baada ya udhu pia, kitambaa kikavu kikae msikitini kwenye mfuko wa kanzu.

Kisu, funza, mashine ya kunyonya

Vyote vitatu ni vya kuondoa. Kisu kinashinda kwa wepesi: dakika chache, mikono iliyofundishwa, na kwa sababu ya ganzi mara nyingi hata sindano haihitajiki. Kukwangua sugu peke yake hupunguza mkandamizo, kwani sugu ni kama kokoto iliyonaswa ndani ya kiatu. Jambo moja la kuangalia kabla ya kisu ni damu. Kidole kikavu cheusi kisicho na damu hakikatwi ovyo.

Funza watakushangaza. William Baer wa Baltimore aliwaona wakisafisha majeraha ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaja kuwatumia hospitalini, na mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ikawaruhusu kama kifaa cha tiba. Ni funza wa inzi wa kijani waliokuzwa maabara bila vijidudu. Hula nyama mfu, huacha hai. Husafisha haraka. Kwamba kidonda hufunga haraka zaidi kuliko cha kisu, hilo halijathibitika. Inzi wa jikoni wasikutanie: hao huleta ugonjwa.

Mashine ya kunyonya ni sponji iliyofunikwa kwa plastiki na kuunganishwa na pampu, mkandamizo wa kawaida ukiwa 125 chini ya sifuri kwa milimita za zebaki. Nguvu yake iko kwenye kidonda kilichoachwa na upasuaji. Jaribio la 2005 la wagonjwa 162 waliokatwa sehemu ya mguu lilionyesha waliopona ndani ya wiki 16 ni asilimia 56 kwa mashine na 39 kwa huduma ya kawaida. Kwa kidonda cha unyayo ambacho hakijapasuliwa, miongozo haiipendekezi. Kwa mamkubwa ingekuwa hela ya bure.

Rafu ya juu

Hapa ndipo ilipo jeli ya binamu. Nitapita haraka kwa sababu nyingi ya hizi ni za kuagiza, na kwa kawaida zilipimwa kwa watu waliokuwa wakikatwa sugu na kupumzishwa unyayo pia.

Jeli ya kichocheo cha ukuaji iliruhusiwa Marekani mwaka 1997. Mwaka 2008 ikawekewa onyo zito kuhusu saratani, na 2018 onyo likaondolewa. Kuba ilisajili 2006 kichocheo cha kuchoma sindano kidondani. Ngozi iliyooteshwa maabara imetumika Marekani kwa miguu ya kisukari tangu 2000. Plasta yenye chumvi ya sukari iitwayo sukrosi oktasalfeti ilijaribiwa Ulaya kwa wagonjwa 240 wenye ganzi na upungufu wa damu kiasi: asilimia 48 walipona kwa wiki 20, dhidi ya 30. Kipande cha seli za damu ya mgonjwa mwenyewe: 34 dhidi ya 22. Chumba cha oksijeni ya mkandamizo mkubwa kimegawanya wataalamu. Jaribio la Uswidi la 2010 lilikifurahia, la Uholanzi la 2018 halikuona tofauti ya uhakika.

Moja linanipendeza. Taiwan mwaka 2021 ilikubali krimu iliyotokana na mimea miwili, baada ya jaribio la watu 236: takriban asilimia 61 walipona kwa wiki 16, dhidi ya 35 wa plasta ya kawaida. Wapenda mitishamba wana haki ya kuinua shingo hapo, mradi wakumbuke kwamba mimea hiyo ilipimwa kwanza na kusafishwa. Msubili uliokatwa ukutani asubuhi haujapita njia hiyo.

Ukizitazama namba hizi zote kwa pamoja utaona kitu. Hata zilizo bora kwenye rafu ya juu zinaponyesha kama nusu au zaidi kidogo, na kwa majuma mengi. Ni kweli hogo lilipimwa kwa vidonda vyepesi zaidi, kwa hiyo silinganishi embe na chungwa la Muheza. Lakini plasta ngumu na mikono ya mtu aliyefundishwa ndivyo vilivyofika karibu na 90.

Tulichochagua

Kigezo cha kubadili njia ni rahisi na hakihitaji maabara. Pima urefu mkubwa na upana wa kidonda, zidisha, andika kwenye daftari. Baada ya wiki 4 eneo liwe limepungua kwa nusu. Utafiti wa 2003 ulionyesha kuwa waliovuka kama nusu hiyo walipona kufikia wiki ya 12 kwa asilimia 58. Ambao hawakuvuka, asilimia 9. Cha mamkubwa kilikuwa sentimita 3 kwa 2, yaani 6. Baada ya wiki 4 za chachi na kutembea kilikuwa 2.8 kwa 2, yaani 5.6. Daftari lilimaliza ubishi ambao sauti zetu zilishindwa.

Tanzania si mgeni wa kazi hii. Pamoja na India ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo za mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwafundisha madaktari na wauguzi kutunza mguu wa kisukari, na Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa mmoja wa waasisi wake. Kwa hiyo swali la kuuliza hospitalini ni la moja kwa moja: nani hapa amefundishwa mguu wa kisukari, na je, anafunga hogo? Kama jibu ni hapana, omba rufaa mapema. Usingoje kidole kiwe cheusi.

Tulimwambia binamu aweke ile hela ya jeli. Tukamwomba chumba. Mamkubwa akapanda basi, kilomita kama 350, akakaa Dar kwa binamu, hogo likifunguliwa na kufungwa kila wiki. Binamu alilalamika siku mbili, halafu akawa ndiye anayempigia kelele asisimame jikoni. Wiki ya nne ya hogo: 1.5 kwa 1. Wiki ya saba, nesi alifungua akakuta ngozi nyembamba ya waridi.

Kuna hali ambazo daftari halisubiriwi, ni hospitali siku hiyo hiyo: wekundu unaoenea zaidi ya sentimita 2 kutoka ukingoni, harufu, usaha, kidole kubadilika rangi, sukari kupanda bila sababu, homa. Homa inaweza isiwepo na mguu ukawa unaharibika. Na mguu uliovimba ghafla, mwekundu na wa moto bila kidonda chochote, unaweza kuwa mifupa inavunjika ndani kimyakimya, nao usiukanyage.

Kidonda kufunga hakumaanishi kimehama. Wastani wa tafiti ni kwamba kama asilimia 40 ya waliopona hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo ulinganisho wa mwisho ni wa viatu, na tuliufanya dukani tukiwa na karatasi tuliyochorea unyayo wake jioni, wakati mguu umejaa. Makubazi: mazuri, ya kwetu, lakini vidole viko nje na misumari iko ndani. Yeboyebo: laini, zinaoshika, ila humfanya atokwe na jasho na kingo hukata. Raba ya mkanda wa kubandika, pana mbele, isiyo na mshono ndani: mbaya kwa sura, na ndiyo iliyoshinda. Anaivaa hata na baibui.

Kila asubuhi anakaa kwenye kigoda barazani, anaingiza mkono kwenye raba moja, anapapasa hadi ncha, anaipindua, anaikung'uta, halafu nyingine. Juzi mjukuu alimwuliza anatafuta nini humo.

"Namtafuta yule fundi," akasema, akavaa.